Waya Niliofunga Kinyume

Ijumaa ile ilianza kwa ubishi wa chai. Mwalimu Makori alikuwa na kopo lake la majani ya chai kutoka kwao Gesima, na kila asubuhi alisimama nyuma ya Maria, mke wa mlinzi wetu, kuhakikisha hayachemshi hadi yawe dawa. Maria alimcheka waziwazi. Alisema hajapata kuona mwanamume anayehofia sufuria kuliko injini.

Tulikuwa mbali na Gesima. Kiwanja cha ndege tulikofanya kazi kilikuwa ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa Kenya: ardhi nyekundu iliyosawazishwa, banda moja la mabati la kulaza ndege, na pipa la maji nje, hatua ishirini kutoka mlangoni. Ndege zetu ndogo zilipeleka dawa kwenye vijiji visivyo na barabara. Mwalimu alinifundisha ufundi wa ndege chuoni, na alipopata kazi kule akaniita nimfuate. Mimi ni wa Ekerenyo. Tukiwa wawili tulizungumza Ekegusii, lugha ya kwetu, naye alipenda kunitania kwamba watu wa kwetu tunafanya kila kitu kama tunaokimbiza boda boda.

Mwalimu tulimzika Alhamisi iliyopita. Kuna hadithi inayosimuliwa juu yake kanisani kwao, hadithi nzuri sana, na mimi ndiye niliyejua kwamba haijakamilika.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunabadilisha pampu ya mafuta ya ndege. Kapteni, rubani wetu, Mkenya mwenzetu, alitaka kuruka kabla ya saa kumi na mbili jioni kwa sababu kiwanja hakikuwa na taa. Daudi, mlinzi, naye alikuwa na haraka yake. Ndege ikiondoka angefunga banda, na yeye na Maria wangekwenda kwa wazazi wa Maria, ng'ambo ya mto, wakakae hadi Jumatatu. Maria alikuwa tayari amefunga mzigo wake kwenye leso.

Niseme kidogo kuhusu waya. Bolti za pampu zina matundu kichwani. Ukishakaza, unapitisha waya kutoka bolti moja hadi nyingine, kisha unausokota, ili bolti ikitaka kulegea waya uivute irudi. Ukiupitisha upande usiofaa, waya huohuo unaisaidia kulegea. Hilo hufundishwa muhula wa kwanza. Mwalimu alilifundisha kwa bolti mbili na kipande cha ubao, na hakuna aliyetoka darasani kwake kabla ya kufunga mara hamsini.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba aliyefunga hakagui alichofunga. Kwa hiyo nilipomaliza nilisogea, naye akaingiza kichwa na tochi ndani ya injini. Nilikuwa na leseni mpya na kichwa kikubwa. Nilianza hata kukusanya spana.

Alikaa mle ndani muda mrefu. Alipotoa kichwa alinitazama, akaninong'oneza, "Omoiseke, umefunga kinyume." Ndivyo alivyoniita siku zote, msichana.

Nilichungulia. Kweli, bolti zote nne.

Kuukata waya na kufunga upya mahali pale pa kubana kungechukua zaidi ya saa moja, na jua lilikuwa limeshashuka. Kapteni akaja, kofia mkononi. "Mwalimu, hii ndege inaenda ama haiendi?"

Mwalimu alipangusa mikono polepole. Alikuwa Msabato, tena wa kuhesabu dakika. Akasema, "Jua linatua, Kapteni. Sabato inaingia. Tutaruka Jumapili."

Kapteni alitukana kila kitu kilichokuwa karibu. Mimi nilinyamaza. Mwalimu hakusema uongo, jua lilikuwa linatua kweli. Alisema nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa yangu. Nilimwachia aibebe kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu niliogopa Kapteni angeiandika kwenye ripoti nikapoteza leseni.

Daudi akamwambia Maria afungue mzigo. Ndege ikilala, mlinzi halali kwingine.

Milio ilianza alfajiri ya Jumamosi. Mwanzoni tulidhani ni mabati yanayopasuka kwa baridi. Pande mbili zilizokuwa zikinuniana tangu mvua zilizopita zilikuwa zimeamua kukutana, na mahali walipokutania palikuwa kiwanja chetu.

Daudi alifunga milango kwa ndani. Tulikuwa watano.

Banda la mabati halizuii chochote. Risasi iliingia upande mmoja ikatokea upande wa pili, ikaacha vitundu viwili vya mwanga. Tulilala nyuma ya masanduku ya vipuri, na mita chache kutoka tulipolala ilisimama ndege iliyojaa mafuta. Kila mmoja alikuwa anaitazama na hakuna aliyeitaja. Nje watu walikimbia, wakaita, wakarudi. Mara mbili mtu alitikisa mlango.



Joto lilipanda. Saa tano maji yaliyokuwa ndani yaliisha. Mabati yalikuwa hayagusiki, na midomo ya Maria ilikuwa imepasuka. Tungefungua mlango tungekufa, na tukikaa tungekauka. Nakumbuka nilimchukia kila mtu aliyekuwa akipumua hewa yangu, hata Mwalimu.

Saa saba kukatulia.

Daudi akachukua kidumu. Alikuwa amejifunza Kiswahili katika kambi ya wakimbizi upande wetu wa mpaka, na alikizungumza kwa uangalifu, kama anayevuka maji. "Mimi wananijua," alisema. "Hatua ishirini tu."

Maria alimshika shati. Daudi akautoa mkono wa mkewe taratibu.

Nilihesabu hatua zake. Nilifika kumi na saba.

Mlio ulikuwa mmoja.

Kupitia kitundu tulimwona amelala kando ya pipa, kidumu bado mkononi. Hakusogea. Maria hakupiga kelele. Aliuma leso yake, na hatukuweza hata kumwacha alie.

Kapteni ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini iliyojaa sumu. "Tungekuwa nyumbani. Huyu angekuwa kwa wakwe zake. Sabato yako imemuua, mzee."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikamwona Maria ananitazama, nikaufunga.

Baada ya kitambo Mwalimu alitambaa hadi kwenye ndege, akaniita kwa mkono. "Leta koleo na waya."

"Leo ni Sabato, Mwalimu," nilimwambia, na sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ng'ombe ameshaingia kisimani," alijibu kwa Ekegusii, akimaanisha yule wa Injili anayeopolewa hata siku ya Sabato. "Funga wewe. Mimi nitakagua."

Ningependa kusema alifunga yeye. Angefanya haraka kuliko mimi. Lakini alinipa waya mikononi, nikakata ule wa kwanza kipande kwa kipande, nikivifunika kwa kitambaa ili visilie kwenye chuma. Yeye alikaa chini yangu akinishikia tochi, na kila nilipomaliza bolti moja aliigusa akasema, "Ndiyo," kama darasani. Ilituchukua karibu saa mbili. Tulipomaliza alipitia zote nne tena, kisha akaniambia nimekuwa fundi leo. Niliokota vipande vya waya wa kwanza.

Jumapili alfajiri wapiganaji walikuwa wamevutana kuelekea mtoni. Mwalimu na Kapteni walijaza kidumu maji, wakamleta Daudi ndani, wakamfunika kwa turubai la ndege. Tukasukuma milango. Kapteni alikuwa tayari kwenye kiti chake, akiashiria tuharakishe.

Maria alikaa kando ya turubai, karibu na mlango.

"Mama, twende," nilimwambia. Nilimvuta mkono.

"Nitamwacha na nani?" aliniuliza.

Mwalimu alimsihi. Alipiga magoti. Milio ikaanza tena upande wa mto, na Kapteni akawasha injini. Tulimwacha. Nilimwona kupitia dirishani, amekaa wima mlangoni, na pampu yangu ilifanya kazi bila tone kuvuja hadi tukavuka mpaka.

Ripoti ya Kapteni ilisema fundi alikataa kumaliza kazi kwa sababu za dini. Mwalimu aliitwa akaulizwa kama ni kweli. Akajibu kwamba jua lilikuwa linatua. Mkataba wake haukuendelea. Alirudi nyumbani, akapata kufundisha kwenye chuo kimoja mjini Kisii, kilichokuwa na injini moja kuukuu juu ya vyuma, na kwa miaka mingi vijana wa Kisii na Nyamira walifunga waya mara hamsini mbele yake. Mimi niliendelea kuruka kutoka kiwanja hadi kiwanja. Nilipandishwa cheo.

Nilikuwa nikimtembelea Gesima kila Desemba, tukikaa tunaangalia wachuma chai wakirudi na vikapu. Mara moja tu aligusia jambo lile. Aliniuliza, "Umewahi kufunga kinyume tena?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi," alisema, akahamia kwenye habari za ndizi zake.

Alhamisi ya maziko kulikuwa na mahema mawili, kwaya, na matope ya kutosha. Mchungaji alisimulia jinsi Ndugu Makori alivyoshika Sabato katika nchi ya vita hata ikamgharimu kazi. Watu wakasema amina. Kisha msimamizi wa shughuli akaita wanafunzi wake wa zamani, nikapewa kipaza sauti.

Nilikuwa nimeandika mambo ya kawaida. Nikaikunja karatasi. Niliwaambia kuhusu bolti nne. Niliwaambia alifanya kazi siku ya Sabato, katika joto la mabati, chini ya risasi, ili kurekebisha kosa langu, na kwamba miaka yote hii walimsifu kwa jambo lililokuwa aibu yangu. Nikataja jina la Daudi. Hakuna hata mmoja pale aliyemjua. Hakuna aliyesema amina, na sikuitaka.

Baada ya maziko mjane wake, Bosibori, aliniita jikoni. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa akipanga vikombe na hakuinua macho.

"Kila walipoisimulia hadithi ile kanisani Makori alikuwa anatoka nje," alisema. "Mimi nikidhani ni unyenyekevu. Nilikuwa namsema njia nzima tukirudi nyumbani, eti anamdharau mchungaji."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimesikia." Alimimina chai, akanisogezea kikombe. "Na yule mwanamke mliyemwacha mlangoni, yeye anajua ni kwa nini mumewe alilala pale Ijumaa?"

"Hajui. Sijui hata kama yuko hai."

Bosibori alivuta kigoda akakaa. "Anadhani sababu ni Makori," alisema.

Nilinyanyua kikombe. Chai ilikuwa ya Gesima, haijachemshwa sana.