Pumzi za Damiani Kwenye Mahame ya Bibi Martina

Usimwamini mtu anayekwambia kupumua ni kazi ndogo. Damiani wa Issuna alikuwa amepumua tangu azaliwe. Alipumua akichunga mbuzi, akapumua akiwa kijana wa kuangusha wenzake kwenye mieleka, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Kumbe, kwa maelezo ya Babu Naran wa Manyoni, muda wote huo alikuwa anapumua ovyo tu, kama ng'ombe aliyepandishwa mlima na mzigo.

Babu Naran alikuwa baba wa Mhindi mwenye duka pale Manyoni, na Damiani alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka hilo, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, wakati kila mwanaume aliyejiheshimu alitaka suruali yenye mapindo miguuni. Watu wa Manyoni hujidai sana na reli yao. Waulize nani aliwavisha wakapendeza kupanda treni. Mnyaturu wa Issuna, na mshono wake haukufumuka.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, mzee yule aliketi kwenye mkeka uani, mgongo wima kama nguzo, akaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akavuta pumzi kwa tundu la pili, kisha akabadilisha. Mwanzoni Damiani alidhani ni mafua. Akacheka peke yake barazani mpaka sindano ikamchoma. Lakini siku zilivyokwenda aliona jambo: mwenye duka alipopiga kelele, mzee hakupiga. Wateja walipotukana, mzee alitabasamu. Na Damiani, ambaye mkewe Leah alisema ana hasira za nyuki, akatamani. Akaenda akapiga shikamoo, akaomba afundishwe.

Mzee hakuanza na pua. "Kwanza usiumize mtu," alisema. "Pili usiseme uongo. Hiyo ndiyo mkeka. Pua baadaye."

Damiani alikubali haraka, kama bwana harusi anavyokubali kila kitu siku ya kupanga mahari, ili mradi wafike kwenye pua. Wakafika. Akajifunza kukaa, kuvuta pumzi ndefu mpaka tumboni, kuishika bila kuikaba, kuiachia polepole. Mwisho akafundishwa ile pumzi ya nguvu, tumbo linapiga haraka haraka kama mivukuto ya mhunzi, fu, fu, fu, halafu kimya kirefu. Mzee alimwambia si ya kutafutia misuli wala sifa. Ni ya kufagia ndani, ili anayekaa humo asikike. Damiani alikuwa Mkatoliki wa ubatizo wa utotoni, na hakuona shida. Baada ya kukaa vile, Baba Yetu aliyoisali kila siku bila kuisikia ilimfikia kama mtu anayeongea naye chumba kimoja. Alilia mara ya kwanza. Tusimcheke kwa hilo.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Damiani alirudi kwao na cherehani yake, akakuta watu wametolewa kwenye matembe yao yaliyotawanyika, wamepangwa mistari kando ya barabara. Alipewa kiwanja. Na kwa kuwa alijua kusoma na alikuwa na sauti nzuri, akapewa kuongoza sala Jumapili ambazo padri hakufika, yaani karibu zote. Wakawa wanamwita mwalimu. Jina hilo lilimkaa vizuri, hata mwendo wake ulibadilika.

Sasa, mwalimu wa dini atazibia wapi pua? Kwenye kijiji cha mistari, ukikohoa, nyumba kumi za balozi zinakwambia pole. Alihofia padri asikie kwamba kiongozi wake wa sala anafuata mambo ya Wahindi. Basi akatafuta mahame, kule watu walikohamishwa, ng'ambo ya korongo, akachagua tembe la zamani la Bibi Martina, mjane mmoja mzee, ambalo paa lake lilikuwa bado limesimama. Akawa anakwenda alfajiri. Kwa Leah alisema anakwenda kuangalia mizinga. Leah alikaa anasubiri asali, na asali haikuja.

Msimu ule mvua ilikataa. Mawingu yalijikusanya yakatia watu tamaa, halafu yakapita kwenda kunyesha kwa wengine. Uwele ulinyauka kwenye mashamba ya watu, ukanyauka na kwenye shamba la ujamaa. Na kwetu mvua haikosekani hivi hivi tu. Kuna mtu kaifunga.

Asubuhi moja mchungaji mmoja, Alute, alipitisha ng'ombe karibu na mahame yale. Akasikia mle ndani: fu, fu, fu, kama mivukuto, halafu kimya, kirefu kuliko binadamu anavyoweza, halafu mguno. Alute alielewa palepale: mtu anapuliza mawingu yaondoke, kisha anafunga. Hakuchungulia. Ni mwanaume jasiri, ila siku hiyo ng'ombe walikuwa na haraka. Na alipofika njiani akamkuta Bibi Martina anatoka upande ule ule, ameshika majani ya maboga kwenye upande wa kanga.

Ikawa imekwisha. Mpaka jua la mchana, kijiji kizima kilijua nani anafunga mvua.

Hakuna aliyemtukana. Kwetu mtu hatukanwi, ananyimwa moto. Asubuhi, nyumba ambayo moto wake umezimika hutuma mtu na kigae kwa jirani kuomba makaa, na hakuna anayenyima, hata adui. Bibi Martina alipita na kigae chake. Nyumba ya kwanza, moto umezima. Ya pili, umezima. Moshi unatoka kwenye kila paa, na moto umezima. Akafika kwa Damiani.

"Moto umezima, bibi," Leah alisema mlangoni.

Damiani alikuwa ndani kwenye cherehani. Mguu wake ulisimama juu ya pedeli. Alijua sauti aliyoisikia Alute ilikuwa ya nani. Alikuwa na tumbo lake mwenyewe kama shahidi. Aliinama akatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi, akasikia miguu ya yule mama ikienda zake taratibu.

Alijifariji. Mvua itanyesha, watu watasahau. Nikisema, watasema mwalimu wa dini ndiye mfunga mvua, na sala za Jumapili zitaharibika, na waumini watapotea. Angalia ujanja wa moyo: ulikuwa unawahurumia waumini. Kwenye mahame hakurudi. Alijaribu kukaa nyumbani, nyuma ya pazia la mkeka, Leah akiwa kisimani, lakini pumzi ilifika kooni ikageuka, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Na Jumapili, aliposimama mbele akipiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa sana, alimwona Bibi Martina kwenye benchi la nyuma, peke yake, watu wamejisogeza, naye anapiga kifua chake kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Laurian, akaitisha mkutano. Habari zilitangulia: mama ataambiwa afungue mvua, au aondoke akakae kwa kaka yake Sekenke. Na Martina hakuwa na nguvu za kufika Sekenke, wala kaka huyo hakuwa na taarifa kwamba bado ana dada.

Damiani alidandia lori kwenda Manyoni, akisema anafuata uzi. Alimkuta Babu Naran amezeeka, macho yamefifia. Hakusema ya Martina. Alisema pumzi inakwama, labda kuna namna ya kuweka shingo. Mzee alimwekea kiganja kifuani, akamwambia avute. Akavuta. Mzee akatikisa kichwa.

"Pumzi mzuri. Mkeka ndiyo hapana," alisema. Kisha akauliza pole pole: "Nani umemkalia?"

Damiani alimwaga yote. Alitegemea kugombezwa, maana kugombezwa ni nusu ya kusamehewa. Mzee hakugombeza. Alimwagizia chai, akasema hana la kumfundisha mpaka mtu yule apumue kwanza. Chai ilipoa Damiani akiitazama.

Mkutano ulikuwa asubuhi, mbele ya ofisi ya kijiji. Ndugu Laurian alisema kwa upole kwamba hapa hakuna ugomvi, wanaomba tu mama afungue mvua.

"Nifungue nini, mwanangu?" Bibi Martina alijibu. "Nilikwenda kuchuma majani ya maboga kwangu. Mlinihamisha mimi. Maboga hayakuhama."

Watu wengine walicheka, kisha wakakumbuka walichoitiwa, wakaacha. Alute akasimama akaeleza sauti ile, na kila mara alipoieleza ilikuwa imeongezeka ukubwa. Damiani alisikiliza akitazama viatu vyake. Alingoja mtu mwingine aseme neno la kumwokoa yule mama. Hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "yule ni mimi."

Laurian alimtazama kwa heshima. "Mwalimu, tunajua una huruma. Kaa."

Hawakuamini. Hapo ndipo Damiani alipoonja ladha ya kusema kweli kwa kuchelewa. Ikabidi avue koti, aketi mavumbini mbele ya kijiji kizima, mgongo wima, na tumbo lake lianze: fu, fu, fu. Mwanamke mmoja alicheka akaficha uso kwenye kanga. Mtoto alilia. Damiani alishika pumzi, akakaa nayo, akaiachia kwa mguno.

"Ndiyo yenyewe," alisema Alute. "Hata ile ya mwisho."

Ilimbidi aeleze yote: Manyoni, mzee, mkeka, sala. Wapo waliouliza kama mawingu yanaweza kuogopa tumbo la fundi cherehani, na vicheko vikaanza kulegeza mkutano. Damiani akaanza hata kutabasamu. Ndipo Ndugu Laurian akauliza, bila ukali, lini alijua kwamba mama huyu anasingiziwa.

"Siku ile ya kwanza," Damiani alisema. "Alipokuja kwangu kuomba moto. Moto ulikuwepo. Na mimi nilikuwepo."

Leah, kati ya wanawake, alishusha macho. Alikuwa ameelewa ya moto, na ya mizinga pia.

Martina akaachwa akae. Jioni ile wanawake walimpelekea makaa mengi mno, kila mmoja na kigae chake, mpaka mama akawaambia wanataka kumchomea nyumba. Kuongoza sala akapewa mwingine. Hakuna aliyemfukuza Damiani, ila Jumapili iliyofuata alimkuta mtu ameshasimama mahali pake, naye akaketi.

Alishona gauni kwa kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Leah, akaenda nalo kwa Bibi Martina kuomba radhi. Alipiga shikamoo, akaitikiwa. Akapewa kigoda. Alipoanza kujieleza, mama akamkata.

"Nilikuwa nakuona."

Damiani hakuelewa.

"Mle kwenye tembe langu. Nilikuwa nakuona asubuhi, umefumba macho. Nikasema, mwalimu anasali. Nikawa nazunguka kwa nyuma nisikushtue."

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

"Ningesema mimi? Wangesema mchawi anamtaja mwalimu. Ilikuwa yako hiyo kuisema. Nilikuwa nakungojea." Alisogeza kuni jikoni. "Wale wote walioninyima moto hawakujua. Nyumba yako ilijua."

Damiani aliteremka kwenye kigoda akapiga magoti, akaomba msamaha kwa sauti ambayo haikuwa ile nzuri ya Jumapili.

"Nimekusamehe," mama alisema. "Umetufundisha kila Jumapili tusamehe, nitafanyaje? Ila gauni ondoka nalo. Mpe mkeo."

Alitoka. Jua lilikuwa juu, njia ya kijiji imejaa watu, na ilimbidi aipite yote, gauni limekunjwa kwapani. Walimsalimia. Aliitikia mmoja mmoja, kwa pumzi fupi fupi, mpaka akafika kwake.