Breki Nyekundu za Mzee Kioo

Baba yangu alipiga rangi magari miaka thelathini na minane, na muda wote huo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Gereji nzima walimwita Mzee Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama mlangoni na kuchana nywele. Mwaka jana mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Rangi ikachuruzika kwenye boneti ya mteja, mara ya kwanza, mara ya pili, na mwenye gereji akamwambia kwa heshima zote kwamba sasa apumzike, mzee wetu. Heshima gani hiyo, sijui. Baba alirudi na bunduki yake ya rangi kaifunga kwenye taulo, akaiweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa.

Mimi ni muuguzi. Wiki mbili kwa mwezi nafanya zamu ya usiku, nina binti wa miaka sita, na nina kigari kikuukuu ambacho kikigoma na mimi nimegoma. Nikirudi asubuhi namkuta baba kwenye kiti kile kile cha plastiki, keshanyoa ndevu, kavaa shati la kazi, na hana pa kwenda. Anamtania mjukuu wake, anamwita "mke wangu", anamuuliza leo utanipikia nini, kisha mtoto akishakwenda shule nyumba inakuwa kimya mpaka mchana. Nilikuwa nimechoka na kazi, na nilikuwa nimechoka kumtazama. Nasema ukweli, siku nyingine nilitamani angekuwa mgonjwa wa kitandani, maana wagonjwa najua cha kuwafanyia.

Asubuhi moja nilimkuta kachuchumaa kando ya gari, anachungulia ndani ya rimu. Akasema kalipa zangu zimeota kutu, ni aibu. Kalipa ni yale makoleo ya chuma yanayobana diski ukikanyaga breki. Alitaka kuzipiga rangi, tena nyekundu. Nikamwambia gari la muuguzi lina haja gani na breki nyekundu, nani atakayeziona huko ndani.

"Mimi," alisema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Na pia niliona kilichokuwa kinamsumbua: alitaka kujua kama ule mkono bado una kazi ndani yake. Nikampa ufunguo, nikaenda kulala.

Jumamosi akaanza na tairi la mbele, upande wa kushoto. Aliweka mawe nyuma ya matairi, akapiga jeki, akapanga nati kwenye mfuniko wa sufuria yangu, ambao mpaka leo unanuka grisi. Kalipa aliifungua akaitundika kwa waya, kama alivyowaona mafundi wenzake wakifanya. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapitisha msasa, kisha akaosha kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mimi hapo sikuona ubaya. Kwa mpiga rangi, kabla ya rangi ni thina, mkono wenyewe unalifuata kopo bila kuulizwa. Akamimina, akasugua, akamimina tena mpaka chuma kikang'aa.

Rangi aliipaka kwa brashi ndogo. Mkono ulipoanza kutetemeka, aliushika kifundoni kwa mkono wa kushoto, akawa anaupeleka taratibu. Alipaka mara tatu, na kila mara alisubiri rangi ikauke. Jioni akaniita nikaangalie. Hakukuwa na tone lililochuruzika, hata moja. Baba alicheka, nikakumbuka kwamba nilikuwa sijamsikia akicheka tangu atoke gereji. Upande wa kulia, akasema, Jumamosi ijayo.

Jumatano nilikuwa namrudisha mtoto kutoka shule, gari likawa linavuta kushoto. Kisha harufu ya kuungua. Niliposimama, tairi la kushoto lilikuwa linafuka moshi. Nilisubiri mpaka likapoa, nikajikokota mpaka kwa fundi wa breki aliye karibu na hospitali yetu. Akafungua, akanionyesha mipira inayozunguka pistoni ya kalipa imevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Nani kaosha hii kwa thina?" aliuliza.

Nikasema sijui. Akanieleza kwamba thina huivimbisha mipira ya breki, pistoni inakwama, breki inashika hata mguu ukiwa juu. Ningeendelea kidogo, mafuta ya breki yangechemka na breki isingeshika kabisa. Nikageuka nikamtazama binti yangu kwenye kiti cha nyuma, ananyonya pipi. Fundi alibadilisha mipira, nikamwomba asikwaruze rangi.

Nyumbani nikanyamaza. Jumamosi nikamwambia baba gari nalihitaji. Jumamosi iliyofuata nikasema nimechoka, na huo haukuwa uongo. Kopo la rangi likabaki kando ya kiti chake, brashi imelala juu yake.

Jumamosi ya tatu nilirudi kutoka zamu, nikaoga. Kutoka nje, namkuta kachuchumaa kwenye tairi la kushoto na tochi.

"Mipira mipya," alisema. "Ile ilikuwa imepauka. Hii nyeusi tii."

Macho ya Mzee Kioo, nani angeyadanganya. Nikamweleza yote, thina, moshi, fundi.

"Mke wangu alikuwemo ndani?"

"Alikuwemo, baba."

Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Na mimi nikaanza maneno yetu ya wodini, ni kitu kidogo, usijali, kila mtu hukosea. Yalinitoka yenyewe. Alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Jirani kaziona hizi breki," alisema. "Kaniomba nimfanyie za kwake. Ningeanza leo mchana. Kwa thina hiyo hiyo."

Jirani anabeba wanafunzi kwenye gari lake.

"Mkono ndio unaotetemeka, mwanangu," alisema. "Masikio bado mazima. Ungeniambia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mgonjwa yeyote. Nikamwomba msamaha. Akauliza fundi alisema kalipa huoshwa kwa kitu gani. Nikamwambia kuna dawa yake, ya breki tu. Akanitaka nirudie, nikarudia. Akauliza kama huyo fundi hufungua Jumamosi, kwa sababu alitaka fundi aifungue na kuiosha kalipa ya kulia, baba akiona, kisha yeye baba apake rangi tu. Kisha akasimama kwa kushika boneti, akaniambia nikalale kwanza, kwa sababu sura yangu inatisha watu.

Nililala saa mbili tu. Nilipotoka alikuwa keshakaa kiti cha mbele, kafunga mkanda, kopo la rangi nyekundu mapajani. Kopo la thina lilikuwa mlangoni kwa jirani, na jirani alikuwa amesimama hapo analitazama, kwa sababu baba alikuwa kalipeleka kumwonyesha na keshamweleza yote, pamoja na kosa lake.