Mukhwana na Filamu Isiyosema

Udaku ni ugonjwa wangu na sijawahi kuutafutia dawa. Napika mandazi mlangoni pa ukumbi wa video hapa mtaani Lindi, kwa hivyo Mukhwana namjua vizuri. Kazi yake ni kutia filamu Kiswahili kwa maiki, za Kichina, za Kihindi, zote. Ni mzee wa miaka sitini na mbili, lakini akiiga sauti ya msichana utaapa ni msichana.

Mwezi jana mwenye video alileta filamu ya zamani kabisa, ya enzi picha zikiwa hazina sauti. Midomo inacheza tu. Nikasema, leo mzee amepatikana. Wapi. Mukhwana akajitungia maneno yote. Baba anamfukuza binti yake, binti anahangaika kufulia watu nguo, wamama wakalia hadi mandazi yakaisha. Mwishowe binti akarudi, akabisha, baba akafungua mlango. Hapo Mukhwana akanyamaza. Vijana wakamwambia, "Buda, si useme." Hakusema.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mimi nikakosa raha. Mtu anayewasemea majambazi na majini, atakosaje neno moja la mlangoni? Nikampelekea chai, nikamuuliza wazi.

"Sella, wewe utauliza maswali hadi kaburini," akasema. Halafu akafunguka. Ana binti, Bridgit, fundi wa nguo mtaa wa Kawangware, jiji hili hili. Bridgit aliolewa na Kagiri, mtoto wa landlord, yule mwenye nyumba aliyekuwa akimgongea Mukhwana mlango kila tarehe tano akitaka kodi mbele ya majirani. Mukhwana akaapa hawezi kuitana mkwe na huyo mtu, akamkataza binti yake kukanyaga kwake. Miaka sita sasa.

"Huyo baba akishafungua, aanze na nini?" akaniuliza. "Mimi sijui."

Nilimhurumia. Na pia nilitaka kuona itaishaje, sitadanganya. Jumapili nikaenda Kawangware, nikauliza uliza hadi nikampata Bridgit kwa cherehani yake. Nikamweleza kila kitu. Akakata uzi kwa meno, akasema atakuja kuona tu, asitarajiwe kusamehe mtu.

Alikuja Jumatano, akakaa nyuma kabisa. Picha ilipofika pale mlangoni na Mukhwana akanyamaza, Bridgit akasimama.

"Baba, nilikukosea nini?"

Watu wakadhani ni sehemu ya filamu, wakatulia. Mukhwana akageuka, akamwona, na maiki bado iko mdomoni.

"Hukunikosea, mama. Mimi ndio nilikosa. Niliogopa kuchekwa."

Bridgit akautia mkoba wake begani. Nikajua sasa anaenda zake.

"Kwao Kagiri, kijana wa pili hupewa jina la baba ya mama yake," akasema. "Wetu wa pili anaitwa Mukhwana. Yule mzee wa kodi ndiye alisema lazima."

Mukhwana akakaa chini kwenye benchi, katikati ya watu.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Kila siku ananiuliza huyo Mukhwana mwingine ako wapi."