Paka, Nyanya na Mashine Moja ya Sukari

Paka wa nyanya yangu alianza kunywa maji kama ng'ombe wa maziwa mwezi ule ule niliporudi nyumbani kutoka chuoni, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba mimi ndiye niliyemsababishia kiu. Nilikuwa nimesomea takwimu miaka minne. Nilijua vizuri kwamba mambo mawili yakitokea pamoja, si lazima moja liwe limezaa lingine. Hata hivyo nilikaa kwenye baraza nikijiuliza kama mnyama anaweza kuugua kwa kumtazama mtu aliyekaa bure.

Tuliishi wawili katika boma lile karibu na Keumbu, huko Kisii, mimi na nyanya, na paka akiwa wa tatu. Alikuwa paka mkubwa wa kijivu, mlinzi wa mahindi ya ghalani. Sasa alikuwa anakunywa, anakojoa kwenye magunia aliyopaswa kuyalinda, anakula kuliko mimi na bado anakonda. Dalili hizo nilizifahamu kwa sababu nyanya mwenyewe ana sukari.

"Magokoro," nikamwambia, nikimwita nyanya kwa lugha yetu, "nafikiri paka ana sukari."

Alikuwa anachambua mboga ya chinsaga. Aliweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Sukari? Paka? Kwani amekuwa mwalimu mstaafu?"

Lakini daktari wa mifugo alipokuja kumpandikiza mbegu ng'ombe wa jirani, nilimvizia njiani nikiwa nimembeba paka ndani ya kikapu. Alinisikiliza akiwa bado amevaa glavu ndefu hadi begani. Alisema ametibu ng'ombe, mbwa na kuku, ila paka wa huku hawatibiwi, huwa wanakufa kimyakimya. Kesho yake, pengine kwa kunihurumia, alinipigia simu niende ofisini kwake Kisii mjini. Akampima. Ilikuwa sukari kweli.

Maagizo yake yalikuwa mafupi: insulini yuniti moja asubuhi na moja jioni, paka akishakula. Nyama na dagaa wa omena sawa, ugali marufuku. Kisha akanyoosha kidole. "Ukizidisha, sukari itashuka mno, na utamkuta amelala asiamke. Kwa hivyo usikisie. Pima, kwenye ncha ya sikio."

"Nipime na nini?"

"Na mashine kama ile ya watu."

Mashine kama ile ya watu ilikuwa chumbani mwa nyanya, juu ya kabati, ndani ya kimfuko cheusi chenye zipu.

Hapa lazima nieleze hali ya nyanya. Mara ya mwisho kwenye kliniki ya sukari, daktari alimwambia kwamba vidonge vimefika kikomo. Vipimo vyake visiposhuka kufikia kliniki itakayofuata, atamwanzisha sindano. Nyanya yangu amezaa watoto saba nyumbani na amewahi kumuua nyoka kwa mwiko, lakini habari hiyo ilimtisha. Kijijini kwetu watu wanaamini kwamba mwenye kuanza sindano ndiye mwenye kuaga dunia. Alikuwa ameona jirani wawili wakianza, na wote wawili tuliwazika. Mimi nilimweleza kwamba walichelewa kuanza, kwamba hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Aliniuliza kama hesabu hiyo imeshawahi kumfufua mtu.

Basi akaamua kushinda kliniki kwa mdomo wake. Chai bila sukari, aliyoinywa kama mtu anayemeza matusi. Ugali wa wimbi kipande cha ngumi. Kila asubuhi alijipima na kuniita nishuhudie: saba nukta mbili, nane, saba nukta tano. "Mwambie huyo daktari wako," alikuwa anasema, ingawa daktari hakuwa wangu.

Nikaanza kuiazima mashine akienda kuchuma majani chai. Sikumwambia. Najua mtu akisoma hivi ataona ni uzembe, lakini hakuna jambo nililowahi kulifikiria zaidi. Nilinunua sindano zangu za kutobolea na stripu zangu za kuwekea damu, ili zake zisipungue. Nilipangusa mashine kwa spiriti kabla na baada. Nilipekua zipu ya kimfuko nikitafuta manyoya. Nilirudisha kila kitu kikiangalia upande kilikokuwa kinaangalia. Nilijiandalia hata majibu ya maswali ambayo nyanya hawezi kuyauliza.

Kumpiga paka sindano, hilo nyanya alilijua. Siku ya kwanza nilimfunga kwa leso na kuichoma leso. Siku ya pili nilikichoma kidole changu, nikakaa nusu saa nimeshika glasi ya maji ya sukari, nikingoja kuzimia. Siku ya tatu nyanya alichoka kutazama, akaja akamshika paka kwenye mapaja yake, akageuza uso.

"Choma. Mimi naangalia mlima."

"Magokoro, mlima uko upande ule mwingine."

"Nimesema choma!"

Paka hakushtuka hata kidogo. Baada ya wiki tatu, na baada ya mimi kuzunguka kwa majirani nikiwaomba wasimpe ugali, jambo lililonipatia jina jipya la Daktari wa Paka kuanzia kwetu hadi sokoni, sukari yake ilishuka kutoka ishirini na sita hadi kumi na moja. Nilikuwa na daftari. Kila kipimo, siku na saa. Nililipenda daftari lile kuliko cheti changu.

Kisha ikafika siku ya kliniki.

Daktari alikuwa kijana asiye wa huku kwetu, kwa hivyo tuliongea Kiswahili. Nyanya alikuwa amevaa gauni la kanisani na ametulia kama mtu mwenye matokeo mazuri mfukoni. Akatoa karatasi yenye vipimo vyake vya asubuhi. Daktari akaisoma, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Umebeba mashine, mama? Vizuri. Hebu tuone yenyewe inasema nini."

Akabonyeza kitufe cha pembeni ambacho mimi, mwenye shahada ya takwimu, sikuwahi kukibonyeza. Kumbe mashine huweka kumbukumbu.

"Ishirini na sita nukta nane," daktari akasoma polepole. "Mama, Jumatatu ile saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa majani chai."

"Ulikuwa umezimia huko?"

"Nilikuwa nachuma! Kilo kumi na mbili."

"Na Jumanne, ishirini na nne. Alhamisi, ishirini na mbili." Akaweka mashine mezani na kuvuta karatasi ya dawa. "Mama, hii karatasi yako ni hadithi nzuri, lakini leo tunaanza sindano. Na hatuanzi na kidogo."

Nyanya alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akionekana mdogo namna ile.

Nilikuwa na sekunde chache, na nikazitumia, kama kawaida yangu, kupanga hoja. Nikinyamaza, nyanya atapigwa sindano kwa damu ya paka, tena dozi ya ishirini na sita. Yale aliyoyasema daktari wa mifugo kuhusu kulala bila kuamka yakanijia yote kwa mpigo. Nikisema, nitakuwa mtu aliyesema. Kalamu ya daktari ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Hizo ni za paka," nikasema.

"Za nani?"

"Za paka."

Muuguzi wa meza ya pili akaacha kuandika. Nyanya akageuka mwili mzima, si kichwa tu, akaniambia kwa Ekegusii, lugha yetu, maneno ambayo nitayafupisha hivi: aliuliza kidole chake na sikio la paka vimekuwa vikikutana kwenye kitu kimoja tangu lini.

"Nilipangusa kwa spiriti," nikasema.

Nikatoa daftari. Daktari alilifungua, akatazama safu zangu zilizonyooka, akanitazama mimi, nadhani akafikiria kunipa rufaa ya kliniki nyingine. Lakini alikuwa mtu mwenye subira. Akaanza kusoma kumbukumbu moja moja, nami nikawa nalinganisha na daftari na kujibu.

"Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saba nukta tano."

"Nyanya."

"Ijumaa, saa nane mchana, kumi na tatu."

"Paka."

Nyanya alianza kunyooka kwenye kiti. Karatasi yake ilikuwa ya kweli, kila asubuhi ilikuwa ya kweli, na alihakikisha muuguzi amesikia.

"Jumamosi, saa moja jioni, kumi na saba nukta tatu."

Nikapekua daftari. Nikapekua tena. Jumamosi haikuwepo. Siku ya Sabato nyanya hufunga chumba chake kwa kufuli akienda kanisani, na mashine hubaki ndani.

"Ni ya paka," akasema nyanya.

"Jumamosi iliyotangulia, saa moja na robo jioni. Kumi na sita."

"Paka," akasema nyanya.

"Na Jumamosi ya kabla ya hiyo? Kumi na nane kasoro."

"Daktari, huyo paka ni mgonjwa sana."

Wote wawili wakanitazama. Nyanya aliniangalia kwa macho ambayo sikuyazoea. Ningeweza kusema neno moja tu, tungeondoka na vidonge vile vile, na angenisamehe spiriti na sikio na yote. Nilifikiria wale jirani wawili waliochelewa.

"Magokoro," nikasema, "Jumamosi simpimi paka."

Nyanya akakohoa na kuvuta gauni lake juu ya magoti.

"Daktari, wewe una mama? Basi sikia. Siku ya Sabato tukitoka kanisa tunatembelea watu. Mmoja amefiwa, mwingine amejifungua. Unafika, chai imeshawekwa sukari jikoni. Kuna mandazi. Kuna ndizi mbivu. Nyumba nne, wakati mwingine tano. Nikatae chakula ya mtu amefiwa? Nimwambie chai yake ni sumu?"

"Na ukirudi unajipima?"

"Najipima nione kama Mungu ameitoa njiani."

Daktari akajiegemeza nyuma. Akahesabu asubuhi zote za nyanya kwa ncha ya kalamu, akaichana ile karatasi ya dawa. "Asubuhi zako ni nzuri, mama. Mgonjwa hapa ni Jumamosi. Nakupa hadi kliniki ijayo. Jumamosi ikipona, hakuna sindano. Isipopona, tutaanza, na haitakuwa kuaga kama mnavyosema hapa, itakuwa dawa." Kisha akaniambia mimi: "Na paka atafutiwe mashine yake."

Njiani nyanya alitembea mbele yangu hadi tulipokaribia nyumbani. Ndipo akasimama. "Ijumaa utafua shati," akasema. "Jumamosi tunaenda pamoja."

Nilidhani ananipeleka nikaombewe. Katika nyumba ya kwanza, mwenyeji alipomletea chai na sahani ya mandazi, nyanya alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba baraka, kisha akanisogezea vyote.

"Mjukuu wangu atanilia hii. Mimi nimekatazwa, lakini nyumba yetu haijakataa."

Mwenyeji akaangua kicheko, akaridhika, akaniongezea ndizi. Kufikia nyumba ya nne nilikuwa nimekunywa vikombe saba, na nilikuwa nikijikagua kimoyomoyo: kiu ninayo? Kukojoa, ndiyo, lakini hiyo si ni chai? Kila nilipojaribu kukataa, nyanya alinikanyaga mguu chini ya meza.

Jioni alijipima mbele yangu, bila kufunga mlango. Nane nukta nne. Aliutazama mkono wake, akaitazama mashine, akaitazama tena.

"Hii imekosea. Hebu rudia."

Nikarudia. Nane nukta sita. Tukabishana hadi giza likaingia ni ipi tuiandike.