Kitabu cha Mapishi cha Wifi Okdan

Wifi yangu Okdan alishuka kwenye machela ya harusi akiwa na keki ya mchele mdomoni. Naapa! Bibi harusi mzima, mashavu yamepakwa rangi nyekundu, anatafuna. Nikajisemea, haya, leo nyumba imepata mtu.

Sisi ni watu wa bonde la Andong, nyumba yenye matambiko ya mababu yasiyoisha, na kila tambiko linataka pombe yake ya mchele. Mama yangu hakuwa na mchezo na jambo hilo. Alimwambia Okdan mbele yetu sote: "Mwanangu, pombe ya tambiko la babu utaipika wewe. Ukitutia aibu, unarudi kwenu." Roho iliniuma. Kabla yake nyumba yetu ilikuwa kimya mno, na mimi nilishakizoea kicheko chake.

"Hivi wewe unajua kupika pombe kweli?" nilimnong'oneza jikoni.

"Sijui hata kidogo, wifi," akasema, huku anacheka. "Lakini nina kitabu!"

Kitabu alikuwa nacho. Kwetu, msichana akikaribia kuolewa hukalishwa chini na brashi na wino anakili mapishi ya mama yake, maana kitabu chenyewe hakitoki nyumbani. Okdan alikuwa ameambiwa asiache hata nukta, naye ni mtu wa kusikia la mkuu. Basi hakuacha.

Siku ya kupika, Mama akakaa kwenye mkeka, shangazi zangu wawili kando yake, mimi nachochea moto. "Soma kwa sauti," Mama akasema, "tujue kwenu mnafanyaje."

Okdan akakohoa kidogo, akaanza. "Osha mchele mpaka maji yatakate. Upike kwa mvuke. Utandaze upoe, si kama mama mkwe wangu, ambaye hajapoa tangu niolewe."

Lo! Shangazi mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Okdan akaikodolea macho karatasi yake. "Mama, hii... haya aliyaandika mama yangu pembeni, na mimi nili..."

"Soma," akasema Mama.

"Changanya na chachu, ufunike mtungi. Ukiusikia unanung'unika usishtuke. Humu ndani wapo wanaonung'unika kuushinda, na hao hawana kifuniko."

Shangazi wote wawili wakaangua kicheko, mimi nikaanguka kabisa karibu na kuni. Mama akainuka, akatoka. Jamani, kicheko kiliishia hapo hapo!

"Ameenda kuita wabeba machela," Okdan akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Nikamng'ang'ania mkono. "Huendi popote," nikamwambia, ingawa mimi ni nani hata niseme.

Mama akarudi na kitabu chake mwenyewe, alichonakili enzi za usichana wake, kimefungwa kwa kitambaa. Akakifungua magotini. Mwandiko safi, mistari imenyooka, pembeni peupe.

"Mama yangu naye aliandika pembeni hivyo hivyo," akasema. "Mimi niliyaruka. Niliona upuuzi, nikanakili mapishi tu. Sasa hayupo. Mchuzi wake ninaujua, siki yake ninaijua, lakini namna alivyokuwa akisema sina hata mstari mmoja."

Nani tena angemrudisha mtu kwao? Okdan akafuta pua kwa mkono wa nguo, bibi harusi gani yule, akachovya brashi kwenye wino. "Yaseme unayoyakumbuka, mama. Mimi naandika."

Mama akafikiri sana. Akakumbuka mawili tu, na yote mawili ni bibi yangu anamteta mama mkwe wake, kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele za watu. Tulicheka mpaka mchele ukaungua, ikabidi tuoshe mwingine.