Mpishi Aliyelitoa Kopo la Chumvi

Mume wa fundi cherehani mmoja alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, na kama hukulijua hilo, ungeambiwa kabla hujakaa kitako. Wafanyakazi walimwita Mwiko. Yeye alidhani ni sifa. Fundi mwenyewe, aliyeshonea sebuleni karibu na dirisha, aliona ni jina linalomfaa mtu anayejichovya katika kila sufuria, hata za majirani.

Nyumbani pia alipika yeye. Wanawake wa jirani walimwonea fundi wivu: mume anatoka kazini, anafunga aproni, anaingia jikoni! Hawakujua kwamba kila tonge lilidai sifa. Ukila kimya, bwana mkubwa ananuna mpaka kesho yake.

Basi miguu ya fundi ikaanza kuvimba. Kanyagio la cherehani likawa zito, viatu vikagoma kuingia, akipanda ngazi kidogo tu pumzi zinamwishia. Daktari akamwambia presha iko juu na moyo umeanza kuchoka. Chumvi nyingi inashikilia maji mwilini, akaeleza, na moyo ndio unaobebeshwa kazi ya kuyasukuma. Ameze dawa, na chumvi aipige vita kabla moyo haujamshinda. Fundi alitoka pale amemshika mumewe mkono kwa nguvu. Binti yao alikuwa mjamzito, na vinguo vya mjukuu vilikuwa vimeshaanza kushonwa. Alitaka kumpakata huyo mtoto, basi.

Mwiko akaifanya habari hiyo sherehe yake. Alilitoa kopo la chumvi jikoni, akalipitisha uani mbele ya wapangaji wote, akamkabidhi jirani huku akitangaza kwamba kwake chumvi imepigwa marufuku kwa ajili ya mke. Akapigiwa makofi. Loo, mwanamume yule na makofi!

Kisha akarudi jikoni, akaonja mchuzi, uso ukamkunjamana. Mchuzi wa Mwiko udode, ukose ladha? Thubutu! Akachukua vidonge vya supu, vile vya mraba vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, akatumbukiza viwili, halafu cha tatu, akamalizia kwa sosi nyeusi ya chupa. Wala hakuficha, vyote vilikaa rafuni, mchana kweupe. Kwa akili zake, chumvi ni ile nyeupe ya kwenye kopo, na kopo lilishaondoka. Umri wote huo jikoni, na hajawahi kujiuliza kinachovikoleza vile vidonge ni kitu gani. Na huyo ndiye mpishi mkuu, jamani.

Presha ikakataa kushuka. Kliniki, muuguzi akamtazama fundi kwa jicho la pembeni, akamuuliza anakula nini kwa siri. Kabla hajafungua mdomo, Mwiko akadakia kwamba nyumbani chumvi haiingii, labda anatafunatafuna vitu huko kwa wateja wake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akamalizia, akitikisa kichwa kama mfiwa.

Fundi aliumia sana. Ugonjwa angeuvumilia, lakini kuitwa mlafi na mwongo mbele za watu, tena na mume anayekula naye sufuria moja, kulimchoma. Ikafika mahali akaanza kujishuku mwenyewe.

Haukupita muda pumzi zikampaa, akalazwa. Chakula cha wodini kilikuwa hakina chumvi, hakina mbele wala nyuma. Mwiko alikuja kumtazama, akakionja, akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Eti hata paka angekataa. Cheka, bwana, cheka! Fundi alikula hivyo hivyo. Kwa dawa na chakula kile, maji yakamtoka mwilini, miguu ikarudi, na siku moja akashangaa kusikia utamu wa kiazi kitupu kilichochemshwa. Ulimi ulikuwa umezinduka.

Aliporuhusiwa, mdogo wake ndiye aliyemrudisha nyumbani. Mwiko alikuwa ameandaa mchuzi wa kumpokea mgonjwa, amesimama na aproni yake akisubiri sifa. Fundi akachota kijiko kimoja, akakitema.

"Hii ni chumvi."

Mwiko akaapa kwa mbingu na ardhi, akamtaka shemeji yake apekue jikoni kama ataona hata punje.  Fundi alikwenda mwenyewe rafuni, akavunja kidonge kimoja ndani ya kikombe cha maji ya moto, akakoroga, akampa mdogo wake. Mdogo mtu alionja mara moja, akakimbilia kutema kwenye karo.

"Haya, mpishi mkuu. Zamu yako."

Mwiko akavuta funda kwa madaha, macho juu, kama afanyavyo kantini. Akavuta la pili. Akakimaliza kikombe chote, akajilamba midomo.

"Imedoda," akasema. "Inataka chumvi kidogo."

Mdogo mtu aliangua kicheko. Fundi naye alikuwa na maneno yake, aliyapanga vizuri kitandani wodini, ya kumvua nguo mwanamume huyu asisahau maisha. Yakamkauka mdomoni. Alikuwa anatazama viatu vya mumewe vya kazini, ambavyo kamba zake zilikuwa zimelegezwa mpaka mwisho.

"Kaa hapo," akamwambia. "Vua viatu."

Mwiko akakaa, akavua. Soksi zilikuwa zimemwachia mfereji kuzunguka mguu. Fundi akapiga magoti, akambonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kama alivyobonyezwa yeye kliniki miguu yake ilipojaa maji, na alipokiondoa kidole, shimo likabaki palepale.