Suruali ya Phébé na Pasi ya Makaa

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, Salomé Kalunga, mwalimu wa shule ya msingi mjini Kamina, alipiga pasi suruali ya binti yake. Ni suruali hiyo iliyokuwa ikimtembeza mtoto.

Phébé ana miaka saba. Ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, na magoti yake hayanyooki bila msaada. Mwezi wa Oktoba watafiti wa chuo kimoja cha Lubumbashi walimletea, kwa majaribio, roboti isiyo na chuma: suruali ya kitambaa, yenye mirija myembamba iliyoshonwa ndani. Pampu ndogo kiunoni huijaza mirija hewa, mguu ukainuka. Hewa ikitoka, mguu unashuka. Kufikia Krismasi Phébé alikuwa akitoka kitandani hadi mlangoni, mkono mmoja ukutani.

Jessé, fundi wa mradi, alimwagiza Salomé aondoe pampu kabla ya kufua. Kuhusu pasi hakusema neno.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Jumamosi jua lilitoka, na Salomé akaifua suruali na kuianika uani ili iwe safi kwa ibada ya kesho yake. Kamina, nguo iliyoanikwa nje haivaliwi kabla ya kupigwa pasi, hata soksi, hata nepi. Yuko nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake hupenya ngozi ya mvaaji. Salomé aliwasha makaa, akapitisha pasi ndani na nje, akikazia penye mishono, kwa kuwa mayai hujificha huko. Alikuwa anamaliza mguu wa pili aliposikia harufu ya plastiki.

Alimpigia Jessé simu, akamweleza kuwa mirija imeyeyuka chini ya pasi.

"Fer, Mama Phébé? Juu ya mirija?"

"Na weye, kwenu Likasi munavaa nguo bila fer?"

"Mama yangu anapiga fer mpaka taulo," alisema Jessé. "Miye njo nilisahau kukuambia."

"Basi leta ingine."

"Haiko ingine, mama. Ile balikata kwa kipimo ya mwili yake, kule Ulaya. Na mradi inaisha mwezi wa sita."

Jumatatu Salomé aliipeleka kwa Abdias, kwado anayeziba matairi ya baiskeli karibu na stesheni.

"Mama, hii iko pneu ya kinga ya nani?"

"Ya mutoto yangu."

Abdias hakutania tena. Alibandika viraka vya mpira kutwa nzima na kukataa malipo. Jioni Phébé aliivaa, na mguu wa kulia ulijaa hewa na kuinuka. Wa kushoto ulipasuka pembeni mwa kiraka, na Phébé akaanguka kifudifudi kwenye saruji.

"Suruali inagonjwa?" aliuliza, mama yake akimfuta damu mdomoni.

"Inagonjwa."

"Basi tuipeleke kwa munganga."

Salomé aliendelea kufuta.

Muuguzi wa mazoezi ya viungo amemweleza bila kuficha: magoti yasiyonyooshwa kila siku hukaza, na yakishakaza, hata suruali mpya haitayanyoosha. Tangu anguko lile Phébé anatambaa. Salomé humnyoosha miguu asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, mtoto akilia, na jioni huikuta imejikunja vilevile.

Jumatano ijayo Jessé atakuja kuichukua suruali iliyoungua. Jina la Phébé litaondolewa katika majaribio.